Ndugu tunao, wa kumpokea dada zamu hatuna

Najua kuna watu watanirukia kwa hili, lakini ile hadithi yetu kwamba Wazungu hawana undugu na sisi tunao, ukimuuliza mtu anayeuguza mzee mwenye ugonjwa wa kusahau atakwambia haijakamilika. Mimi naishi kusini mwa Uingereza na baba mkwe wangu tunakaa naye nyumba moja (ndio, mkwe, nyumbani wakisikia wanashika vichwa), mzee ana dimenshia, ndio huo ugonjwa wa kusahau. Na mama yangu mzazi kule Muleba ana hali hiyohiyo, anamlea dada. Kwa hiyo pande zote mbili nazijua, huku naona kwa macho, kule nasikia kwa voisi za WhatsApp za saa sita usiku.

Huku zahanati ya mtaa mbali na vidonge wanaweza kukuunganisha na kikundi, na kuna mtu kaajiriwa kabisa kwa kazi hiyo. Kikundi chetu ni cha wanaouguza, mnakuja na wagonjwa wenu, kawaida ni chai tu na biskuti ukumbini, ila mara mojamoja tunatoka. Juzijuzi tulienda Weald and Downland, makumbusho ya maisha ya kijijini pale Singleton karibu na Chichester, yapo wazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 70, wana majengo ya zamani zaidi ya 50 ambayo wameyabomoa kwa utaratibu kule yalikokuwa wakaja kuyasimamisha upya hapo. Kuna kinu cha maji cha karne ya 17 bado kinasaga unga wa ngano. Halafu kuna nyumba ya mkulima inaitwa Bayleaf, ilitoka Kent, ilikuwa kwenye eneo la mradi wa bwawa la maji ikabidi ihamishwe. Sasa hiyo nyumba jamani niliingia nikacheka peke yangu, moto unawashwa katikati ya sakafu, bomba la moshi hakuna, moshi unapanda wenyewe unatafuta njia darini, madirisha hayana vioo. Huu si msonge wa bibi yangu huu? Tofauti ni kwamba hawa wana pembe na sisi tuna duara.

Baba mkwe alikulia shambani. Msidhani akili zilimrudi kama kwenye sinema, hapana, aliangalia ule moto kwa muda mrefu halafu akamwambia kijana wa pale kuni zako mbichi. Basi. Lakini alisema kwa sauti ya mtu mwenye kwake, na kijana akamjibu vizuri tu, wakaendelea na habari za kuni gani zinawaka na zipi zinatoa moshi, na mke wangu akapata dakika kumi za kutembea bila kumshika mtu mkono.

Na hapo ndipo ilipo faida yenyewe. Mnatembea taratibu, mnaongea bila kutazamana usoni, maneno yanatoka yenyewe. Mama mmoja alinisimulia kwamba kuna siku anajifungia bafuni afungulie maji ili mumewe asisikie analia, na hakuna aliyemwambia vumilia. Dada yangu akisema hivyo Muleba ataambiwa vumilia ni mama yako, utapata baraka, na jioni hiyohiyo shangazi atapiga simu kuuliza eti unamsema mama kwa watu? Wengine bado wanasema karogwa. Wengine ni uzee tu. Wageni wanajaa kila Jumapili, wanakunywa chai, wanaombea, wanaondoka na vyombo anaosha dada.

Wabongo wa Dar ninyi mna Kijiji cha Makumbusho pale barabara ya Bagamoyo tangu miaka ya 60, stendi nzima ya daladala imebeba jina hilo na watu wanashuka pale kila siku wala hawajui ndani kuna nini. Kuna msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo, nyumba ya Wanyakyusa, vivuli vya miti. Tunapeleka watoto wa shule tu. Mzee wa Kigogo aliyezaliwa kwenye tembe mbona hatumpeleki? Kwake yeye pale si historia, anaweza akakaa akasahihisha alivyojenga fundi.

Sasa msinielewe vibaya kwamba huku ni peponi. Kikundi kikiisha kila mtu anafunga mlango wake, jirani yetu hajui mzee anaumwa nini, na shemeji yangu anakaa karibu tu lakini tunamuona Krismasi. Ukimpeleka mzee kituo cha kulelea, akiwa na mali inayozidi pauni 23,250 anajilipia mwenyewe, na nyumba inaweza kuhesabiwa humohumo, familia zinauza. Sheria ya 2014 inasema hata anayeuguza ana haki ya kupimwa mahitaji yake na halmashauri, nzuri sana kwenye karatasi, ila kusubiri utasubiri.

Ila nikilinganisha, kinachomkosesha dada usingizi si hela, hela tunatuma. Kuna jumuiya ya kanisa, kuna kikoba cha kina mama, kuna ukoo mzima kwenye grupu la familia wanaotuma emoji za mikono ya kuomba. Haya nyie mnaoandika pole kila asubuhi, Jumamosi hii nani anaenda kukaa na mama kuanzia saa nne mpaka saa nane, dada akasuke nywele?