Kadi Zenye Kona Butu

Andy Pafko hakuwa nyota wa kutikisa dunia. Aliichezea Brooklyn Dodgers, alikuwa hodari kiasi chake, na leo hata mashabiki wengi wa besiboli nchini Marekani hawamkumbuki kwa lolote alilolifanya uwanjani. Hata hivyo kadi ya mwaka 1952 yenye picha yake, ikiwa safi kabisa, huuzwa kwa fedha ambazo kadi za wachezaji waliomzidi mbali hazifikii, na sababu yake ni rababendi. Kampuni ya Topps, iliyotoa kadi hizo, iliipa ya Pafko namba 1 kati ya kadi 407 za mwaka ule. Watoto waliopanga kadi zao kwa namba wakamweka Pafko juu ya bunda, wakalifunga kwa rababendi na kulitia mfukoni. Bunda lilipobanwa au kudondoka, aliyeumia wa kwanza alikuwa yeye. Mwaka 1998 nakala moja iliyopewa daraja la 10, la juu kabisa kwa usafi, iliuzwa kwa zaidi ya dola 83,000.

Mimi nilizaliwa Tanga, na besiboli niliijua ukubwani baada ya kuhamia Marekani. Kadi zilinivuta hata kabla sijazielewa kanuni za mchezo wenyewe. Nimekusanya kadi za miaka ya 1950 kwa miaka tisa sasa, na kwa miaka minne ya mwanzo niliukimbilia usafi kama wanavyofanya wakusanyaji wengi. Nimeacha. Maoni yangu ni kwamba usafi wa kadi kuukuu, ukishapita kiwango ambacho jicho la mtu mwenye taa nzuri linaweza kukiona, hauwi tena sifa ya kadi, bali ni bei ya maandishi yaliyobandikwa juu ya kasha.

Kwa msomaji ambaye shughuli hii ni ngeni kwake, kadi hupelekwa kwa kampuni ya kupanga madaraja, kama vile PSA au SGC, ambako mtaalamu huchunguza kona, kingo, uso, na jinsi picha ilivyokaa katikati ya pambizo nyeupe, kisha huipa namba kuanzia 1 hadi 10 na kuifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lisilofunguka bila kuvunjwa. Kadi za zamani zilipitia mengi kabla ya kufika mezani hapo. Ziliuzwa pamoja na chingamu ndani ya karatasi ya nta, kwa hiyo iliyolalia chingamu ina doa la kahawia mgongoni, na iliyogusana na mkunjo wa karatasi ina alama ya nta. Kiwandani nako kisu kiliteleza, na karatasi kubwa yenye kadi nyingi ilipokatwa vibaya, picha iliegemea upande mmoja tangu siku ya kwanza, hata mtoto mwangalifu kuliko wote hakuwa na la kufanya. Niliwahi kuweka kadi mbili sambamba chini ya taa, moja ya daraja la 8 na nyingine ya 9, nikazitazama kwa lenzi hadi macho yakaniwasha. Mwishowe niliiona tofauti: chembe nyeupe kwenye kona ya chini kushoto, ndogo kuliko nukta inayomaliza sentensi hii. Bei ilikuwa imezidiana mara nne.

Nililipia somo langu kwa kadi ya Hank Aaron ya mwaka 1957. Ni kadi ya kuchekesha, kwa sababu kiwanda kiliigeuza picha, na Aaron, aliyekuwa akipiga kwa mkono wa kulia, anaonekana mle kama mpiga kushoto. Nakala niliyoinunua katika maonyesho ya mwisho wa wiki, kwenye ukumbi wa hoteli, haikuwa na kasha, na kona zake zilikuwa kali kama wembe. Muuzaji alinihakikishia kwamba ilitoka katika sanduku la marehemu mjomba wake. Niliipeleka kupimwa, nikarudishiwa bila daraja. Imenyolewa. Kadi za Topps za mwaka ule zina upana wa inchi mbili na nusu na urefu wa inchi tatu na nusu, na yangu, nilipoiwekea rula ambayo ningepaswa kuibeba toka nyumbani, ilipungua karibu milimita moja ubavuni. Mtu alizikata kingo zilizochakaa ili zionekane mpya. Nilikasirika kwa wiki nzima, kisha nikaanza kujiuliza ni kipi hasa kilichokuwa kimeniuma, maana kosa la kiwanda lililomgeuza mchezaji mzima halishushi daraja hata kidogo, ilhali milimita moja ya pambizo tupu inaifuta kadi yote.

Si wanyonge peke yao wanaonyolewa. Kadi mashuhuri kuliko zote ni ya Honus Wagner wa Pittsburgh Pirates, iliyotolewa na kampuni ya tumbaku kati ya mwaka 1909 na 1911 na kusimamishwa mapema, kiasi kwamba zilizobaki ni chache mno. Nakala yake iliyo safi zaidi ilinunuliwa mwaka 1991 na Wayne Gretzky, yule bingwa wa hoki, pamoja na Bruce McNall, mmiliki wa timu yake, kwa dola 451,000. Ikawa kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA, ikapewa daraja la 8, na mwaka 2007 ikauzwa kwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara aliyekuwa ameimiliki miaka ya 1980, alikiri mahakamani kwamba alizikata kingo zake. Kadi iliyozindua biashara nzima ya madaraja ilikuwa imenyolewa kabla haijapimwa.

Mlinganishe Mastro na mkusanyaji Jefferson Burdick wa Syracuse, New York, ambaye bila yeye tusingekuwa hata na majina ya kuziitia kadi hizi. T206, namba ambayo wakusanyaji huitia kadi ya Wagner na wenzake, ilitoka katika orodha ya kadi aliyoitunga yeye. Alikuwa mgonjwa wa baridi yabisi, hakuwa tajiri, na aliukabidhi mkusanyo wake wa vipande zaidi ya 300,000 kwa jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York, ambako kwa miaka alikuwa akizibandika kadi kwa gundi kwenye kurasa za albamu. Alimaliza mapema mwaka 1963, akafariki miezi michache baadaye. Wagner wake yumo humo. Kwa vipimo vya leo, gundi ile mgongoni ingemshusha hadi chini kabisa, na mkusanyaji wa kisasa angeshika kichwa kwa uchungu. Mimi ningeruhusiwa kuchagua, ningemchukua huyu wa gundi na kumwacha yule wa dola milioni 2.8.

Najua nitakachojibiwa. Kabla ya madaraja, neno "safi" lilikuwa na maana yoyote aliyoitaka muuzaji, na mimi niliyedanganywa na habari za mjomba marehemu sina ujasiri wa kulikana hilo. Kipimo kinamlinda mnunuzi, na kwenye kadi yenye thamani bado nakitaka. Nitatajiwa pia kadi ya 1952 ya nyota Mickey Mantle, nakala iliyonunuliwa kwa dola 50,000 mwaka 1991 na kuuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Lakini Mantle huyo alitoka katika akiba iliyokuwa nyumbani kwa mtu huko Massachusetts, ambayo mfanyabiashara wa kadi Alan Rosen aliinunua katikati ya miaka ya 1980. Alibaki safi kwa sababu hakuwahi kukaa mfukoni mwa mtoto.

Mwezi uliopita nilimpata Pafko wangu. Kona zake zimeviringika kama sabuni iliyotumika nusu, na kila ubavu una mfereji mmoja, mwembamba na wa kina, mahali rababendi ilipouma. Muuzaji, mzee mpole, aliniomba radhi kwa ajili ya mifereji ile na kunipunguzia bei. Sikumwambia kwamba ndiyo niliyokuwa nikiitafuta. Punguzo nililipokea.