Akidi Ilitimia kwa Hisani ya Wanga

Mchora mabango amenipigia simu mara nne tangu asubuhi akidai shilingi 5,000 zake zilizobaki, na mimi, katibu wa chama chenye katiba, muhuri na daftari la mahudhurio, nimeamua kwamba kabla sijamlipa nitaandika kwanza alichotutenda, ili atakayeniita bahili ajue chanzo.

Tulimwagiza kitambaa chenye maneno haya: "Mkutano Mkuu wa Mwaka. Tupambane na Uchafuzi wa Mwanga." Kitambaa kilipomwishia maneno yakiwa bado hayajaisha, fundi yule, bila kuuliza wala kuona haya, aliondoa "uchafuzi wa", kisha akaniambia kwa fahari kwamba maana haijapungua na bei haijapanda. Kwa siku sita, hapa kwetu Kigamboni, kati ya kituo cha daladala na duka la dawa, watu walipita wakisoma kwa herufi nyekundu: TUPAMBANE NA MWANGA.

Chama chetu kina wanachama 31 kwenye daftari na 9 kwenye ada. Katiba inataka akidi ya nusu, na kwa miaka miwili mfululizo tumekaa chini ya mwembe tukihesabiana, tukafika 11, tukanywa soda za watu 31 na kuahirisha. Jumamosi iliyopita nilifika saa tisa nikakuta watu wasiopungua 70, wengine wamevuka kutoka ng'ambo kwa pantoni, na foleni ya pantoni mnaijua. Mwenyekiti alitokwa na machozi. Alidhani ni matunda ya barua zake.

Aliyetangulia kufika mezani kwangu kujiandikisha alikuwa bibi mmoja mwenye bahasha kwapani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mwanga mmeshamkamata, au mnatungoja sisi mashahidi?"

Nilimjibu kwa upole wa kiofisi kwamba mwanga tunaoupiga vita haukamatwi, bali hupunguzwa.

"Tunaoupiga?" Alinitazama kama mwalimu anayetazama daftari chafu. "Umesoma mpaka wapi, baba? Mwanga hasemwi 'unaopigwa', husemwa 'anayepigwa'. Ana miguu miwili, ana jina, na mlango wake unatazamana na wangu."

Ningenyamaza hapo, lakini mtu ukishakabidhiwa muhuri hunyamazi. Nikamfafanulia kwamba kuna mwanga wa taa, ambao unang'aa, na kuna mwanga wa usiku, ambaye anawanga, na kwamba chama chetu kimesajiliwa kwa ajili ya ule wa kwanza, pale unapomulika mahali usipotakiwa, yaani juu angani, baharini na vitandani mwa watu. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akauliza swali ambalo sijalipatia jibu hadi leo.

"Kwa hiyo ninyi mnataka giza?"

Nikasema ndiyo, kwa kiasi.

"Na anayependa giza, mwanangu, ni nani?"

Akalipa ada ya mwaka mzima kwa noti mpya, jambo ambalo mweka hazina wetu mwenyewe hajawahi kulifanya, akachukua stakabadhi na kuketi safu ya mbele.

Mwenyekiti akaanza kusoma taarifa yake, ambayo kwa kawaida huisikiliza peke yake. Aliposema kwamba kwa mujibu wa atlasi ya anga iliyotolewa mwaka 2016, zaidi ya asilimia 80 ya watu duniani wanaishi chini ya anga iliyochafuliwa na mwanga, mkutano mzima uliguna. "Asilimia 80!" alisema mzee mmoja nyuma yangu. "Na sisi tulidhani ni mtaa huu tu." Aliposema kwamba mwanga mweupe wenye ubuluu mwingi hutawanyika hewani kuliko ule wa rangi ya manjano, na kwamba wa jiji kubwa huonekana ukiwa umbali wa makumi ya kilomita, mtu akammalizia: "Kwa ungo." Alipoeleza kuwa vitoto vya kasa, vikitoka mchangani usiku, hufuata upande ule wa upeo unaong'aa zaidi, ambao zamani ulikuwa bahari na siku hizi ni taa za hoteli, vikafia nchi kavu, mama mmoja alishika kifua na kusema kwamba basi hata kasa hawasazwi. Akaleta na habari za mji wa Flagstaff, Marekani, ambao mwaka 1958 ulipiga marufuku taa za matangazo za kumulika angani, na mwaka 2001 ukawa mji wa kwanza kutambuliwa kimataifa kwa kulinda giza lake. Wajumbe walitaka kujua walitumia mganga gani.

"Walitumia sheria," alisema Mwenyekiti.

"Sheria gani inamweza mwanga?"

Hakulisikia, kwa kuwa alikwishafika kwenye mapendekezo: mwanga ufunikwe kwa juu, uelekezwe chini, na ikishapita saa sita ya usiku uzimwe kabisa. Bibi alipiga vigelegele. Hoja ilipita kwa kauli moja, ya kwanza tangu chama kianzishwe, na ndani ya shangwe hiyo mweka hazina alisoma hesabu zake kwa dakika mbili, zikapokelewa.

Kwenye mengineyo, bibi alisimama na kufungua bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi ya daftari la shule yenye majina matatu. La kwanza silitaji. La pili lilikuwa la Mwenyekiti, ambaye, kwa maelezo ya bibi, saa nane za usiku huzima taa zote za nyumba yake, hupanda juu ya paa na bomba refu, akawa anatazama mbinguni na kuandika. Hakuna hata neno moja la uongo hapo, isipokuwa bomba ni darubini. Wa tatu hakuwa na jina. Aliandikwa "yule anayemshikia ngazi".

Ngazi ninaishika mimi.

Na ninaishika kwa sababu nimechoka! Marehemu baba alikuwa akitoka uani baada ya magharibi kutafuta Kilimia, kile kikundi cha nyota, na kila mwaka alituambia kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, mpaka tukachoka kusikia. Leo uani kwangu sioni Kilimia, ninaona kituo cha mafuta. Kilipofunguliwa ng'ambo ya barabara walikifunga taa zenye weupe wa cheche za fundi wa kuchomelea, hata nikilala ninahesabu matundu ya chandarua. Jogoo wangu alianza kuwika saa tano usiku, nimemla. Nilikwenda kulalamika nikaambiwa ni usalama, na mimi si mtu wa kubisha usalama, lakini pampu yangu ya maji iliibiwa Novemba chini ya taa hizo hizo, mwizi akiona vizuri kabisa kila nati anayoifungua. Kesho yake mke wangu alinunua taa ya sola, kubwa kuliko zote mtaani. Sijalitaja hilo chamani.

Mkutano haukufungwa rasmi. Saa mbili usiku, Mwenyekiti akiwa bado anajitetea, umeme ulikatika eneo zima, mwezi haujachomoza, na Kilimia kikatokea juu upande wa kaskazini, wazi kama zamani. Mwenyekiti alisahau tuhuma zake zote, akainua mikono miwili juu kwenye kiza kile na kutuita tutazame. Watu walikimbia. Bibi, kwa umri wake, alinipita getini.

Viti vya kukodi vilikuwa 70. Tulivikusanya kwa tochi za simu tukapata 69, na mwenye viti naye ameanza kupiga.