Muuguzi wa wazee: masomo ni moja, kibali ni kingine

Mama mkwe wa jirani yangu hapa Kisumu, nyanya wa miaka 81, huweka dawa zake kwenye mkebe wa Blue Band. Majuzi tuliumwaga mezani. Palikuwa na amlodipine ya presha kutoka zahanati, na amlodipine nyingine yenye jina tofauti kutoka duka la dawa. Alikuwa akimeza zote mbili. Dawa hiyo huweza kuvimbisha miguu, na yake ikavimba. Kliniki moja ikampa dawa ya kukojoza. Mkojo ukamtoa nje usiku kwenda choo cha uani, na huko ndiko alikoanguka.

Kila aliyemwandikia alitibu alichokiona siku hiyo. Aliyekosekana ni wa kuutazama mkebe mzima.

Marekani mtu wa kazi hiyo yupo. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya wauguzi wa kupima wagonjwa na kuamua matibabu. Leo muuguzi wa aina hiyo anayehudumia watu wazima na wazee husoma hadi uzamili au uzamivu, na katika majimbo kadhaa huandika dawa bila kusimamiwa na daktari. Hufundishwa kwamba mzee anaweza kuwa na nimonia bila homa, dalili ikawa kupayuka tu (kwetu tungesema malaria, au amerogwa), na kwamba diclofenac ya maumivu ya goti hupandisha presha na kuumiza figo.

Je, nasi tuanze kumfundisha? Wanaopinga wana hoja nzito, na ya kwanza inaitwa tabibu, yaani clinical officer. Kupima na kuandika dawa katika zahanati nyingi tayari kuna mwenyewe, huyu ambaye wagonjwa humwita daktari, na sheria yake ya sasa ni ya 2017. Muuguzi akipewa kalamu ileile, tutegemee ugomvi wa mipaka. Halafu kuna ajira: wapo wauguzi wenye diploma na digrii wanaosaka kazi huku wodi zikilia upungufu.

Na kuna Uingereza. Julai 2021 nchi hiyo ilitia saini na Kenya makubaliano ya kuchukua wauguzi wetu, na wazee huko ni wengi. Atakayebobea katika uuguzi wa wazee kwenye vyuo vikuu vyetu vya Maseno au Masinde Muliro atakuwa amechukuliwa kabla vumbi la mahafali halijatua. Sina ubaya naye. Mshahara ni mshahara.

Hata hivyo, hoja ya tabibu hainitoshi. Tabibu ana foleni iliyofika langoni, na mzee hahudumiwi kwa dakika tano. Anahitaji mtu wa kuuliza anakula nini, nani anampimia vidonge, choo kiko umbali gani. Hiyo ni kazi ya uuguzi tangu zamani. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi, na vijijini huku magharibi mwa Kenya wengi wao wameachiwa wajukuu na mifugo.

Ila masomo peke yake hayangemwokoa yule nyanya. Tulipompelekea nesi wa zahanati ule mkebe, aliona kosa hata kabla hatujakaa. Akamgeukia jirani yangu: "Mama, mimi siwezi kukata dawa aliyoandika mwingine. Rudini kwake." Ujuzi alikuwa nao. Kibali hakuwa nacho.

Ndiyo maana ningeanza chini ya uzamili: diploma ya juu, kama ile ya tiba shufaa (ya kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyetarajiwa kupona) inayotolewa na KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, kwa wauguzi ambao tayari wana kazi na nyumba huku, pamoja na ruhusa ya maandishi ya kusimamisha dawa zinazojirudia na kumjulisha tabibu. Wengine bado wataondoka, nakubali. Na kama kaunti haitawapandisha cheo baada ya kusoma, afadhali tusianze kabisa.

Nyanya alirudishwa kwa aliyemwandikia, akaambiwa abaki na amlodipine moja. Juzi nilichungulia mkebe. Ya pili bado imo. Anasema dawa iliyonunuliwa kwa pesa haitupwi.