Tangawizi ya Jirani

Jirani yangu mimi namjua. Ukiazima ngazi kwake anakuja kuidai wakati wewe bado uko juu. Miaka sita tumepakana ukuta na hajawahi kunipa hata limau lililooza. Sasa Jumapili asubuhi nasikia hodi, nafungua, namkuta kashika mfuko wa kilo tano hivi, anatabasamu mpaka magego yanaonekana. "Pokea jirani, chakula hicho!" Kabla sijamaliza kusema asante keshageuka, anaondoka mbiombio kama mtu aliyemwaga taka kwenye kiwanja cha mwenzake.

Hapo ndipo akili ilitakiwa ifanye kazi. Lakini akili yangu mimi ikisikia cha bure huwa inachukua likizo bila kuaga.

Nikafungua mfuko. Tangawizi. Nikasema huyu bwana ana wazimu, kilo tano za tangawizi ni za nini, ukoo mzima una kifua? Nikavunja kipande, nikanusa. Hakina harufu ya tangawizi. Ndani cheupe kama kiazi. Nikatafuna kibichi hivyo hivyo: kinalia kau kau, kina maji, kitamu kwa mbali kama kokwa.

Mke wangu akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Neema, hiyo mizizi ni ya dawa?"

"Ni chakula."

"Nani kasema?"

"Jirani."

"Huyu huyu jirani?"

Akaondoka. Swali lenyewe lilikuwa jibu, mimi ndiye sikulielewa.

Nikapiga picha, nikaitafuta kwenye simu. Inaitwa atichoki ya Yerusalemu. Moyo ukatulia kabisa. Kitu cha Yerusalemu kitamdhuru nani? Laiti ningesoma mstari wa pili! Haitoki Yerusalemu, na wala si atichoki, ile mboga ya Wazungu inayofanana na ua lililofumba. Ni ndugu yake alizeti, kwao ni Amerika Kaskazini. Inasemekana Waitaliano waliiita kwa jina lao la alizeti, girasole, Waingereza wakasikia vibaya wakaipeleka Yerusalemu. Na hiyo atichoki ni kwa sababu Mfaransa mmoja, Samuel de Champlain, aliionja kwa wenyeji wa kule mwaka 1605 akaona ladha inafanana. Yaani ina majina mawili na yote ya kusingiziwa. Binadamu mwenye rekodi hiyo hapati hata dhamana.

Tukaja kwenye kumenya. Jamani. Kiazi cha kawaida kina adabu: unakishika, unakizungusha, kinavua koti, mnaendelea na maisha. Hiki kina vinundu, na vinundu vina vinundu vyake, na katikati ya vinundu kuna vikorongo vyenye udongo ambao hautoki hata ukiubembeleza. Kisu kikiingia huku kinatokea kwenye kidole. Robo saa nzima niko na kipande kimoja, nilipomaliza kikabaki kama kete ya bao. Nikakiweka sahani, nikageuka kuchukua cha pili, kurudi nakuta cha kwanza kimeanza kufanya weusi, kimenuna. Ikabidi nikiogeshe kwenye maji ya limau kama mtoto mwenye homa. Nimemenya saa moja na nusu. Baadaye sana, vidole vimeshafungwa plasta, ndipo nasoma kwamba ganda lake linaliwa, unasugua tu kwa brashi ukaingiza jikoni. Kwa nini maneno muhimu huwa wanayaweka chini kabisa?

Kuchemsha nako kuna vituko vyake. Unachoma na uma: gumu. Unasubiri, unachoma: gumu. Unageuka kupokea simu ya mtu anayekukumbusha deni, unarudi: uji. Hakuna katikati. Sufuria ya kwanza tukaimwaga.

Awamu ya pili nikajanjaruka. Nikakata vipande vyembamba, mafuta kidogo, chumvi, vitunguu saumu, nikasukumia kwenye oveni. Nikubali haki yake: ukingoni vinakuwa rangi ya kahawia na kukakamaa, ndani laini, vina utamu fulani hivi wa kiungwana. Watoto wangu hawa hawa wanaohesabu punje za njegere kwenye sahani kama makarani wa benki, walilamba sinia. Mke wangu naye, pamoja na zile dharau zake za asubuhi, aliongeza mara mbili. Mimi sisemi niliongeza mara ngapi. Nilikula kama mtu anayefungwa kesho.

Saa nne usiku nikasikia ngurumo. Nikajua mvua. Nikachungulia dirishani, nyota zimejaa mbingu nzima. Ngurumo ya pili ikanionyesha ilikokuwa inatoka: chini ya kitovu changu. Punde chumba cha watoto kikajibu. Mke wangu, mwanamke mwenye heshima zake, kalala amenipa mgongo, kimya, na kimya kile hakikuwa cha usingizi, kilikuwa cha mtu anayejizuia kwa nguvu zake zote. Kisha zikamwishia. Sitasema zaidi, nataka kuendelea kuishi kwenye nyumba ile. Kufika saa sita madirisha yote yalikuwa wazi na mbu waliochungulia walighairi.

Saa nane niko chooni na simu, nasoma kile nilichopaswa kusoma asubuhi. Kumbe kiazi hiki hakikuhifadhi wanga kama viazi vya watu. Kimejaa kitu kinaitwa inulini. Si insulini, hapo usichanganye, moja inashughulikia sukari na nyingine inashughulikia heshima yako. Tumbo la binadamu halina uwezo wa kuimeng'enya inulini, inapita salama salimini mpaka kwenye utumbo mpana, na huko bakteria wanaipokea kwa vigelegele. Wanaichachua, na kuchachua kwao ni gesi. Usiku ule mimi nilikuwa ukumbi tu, sherehe ilikuwa yao.

Na siri hii si mpya! Kuna Mwingereza, John Goodyer, mwaka 1617 alipewa viwili, vidogo kama mayai ya kuku. Kimoja akapanda, cha pili akampa rafiki yake. Hicho kimoja kikazaa mpaka akaanza kugawa jimbo zima la Hampshire. Mwaka 1621 akaandika kwamba uvipike utakavyo, vinaleta upepo mchafu na maumivu ya tumbo, ni chakula cha nguruwe kuliko watu. Ona utaratibu: kwanza gawa, halafu ndipo useme. Nikamkumbuka mtu na tabasamu lake la magego. Ukiona vyagawiwa, vimemshinda mwenyewe.

Jumatatu sikuwa na udhuru wa kukosa kazi. Ungemwambia nini mtu? Ofisi yetu iko ghorofa ya nane. Nikaingia kwenye lifti, nikaminya, mlango unafunga, mkono wa bosi ukauzuia. Akaingia na wageni wawili wenye suti. Ghorofa ya tatu nilikuwa bado mwanaume. Ghorofa ya nne ikanitoka, ile isiyo na sauti, ile mbaya. Wote wanne tukainua macho kutazama namba, mimi nikitazama kwa bidii kuliko wote. Mgeni mmoja akatoa leso kama anafuta jasho puani. Bosi akakohoa: "Mabomba ya jengo hili yanahitaji kuangaliwa." Nikadakia, "Kabisa mkuu, hali ni mbaya sana." Mafundi wakaitwa kweli. Siku mbili wamefumua choo cha ghorofa ya nne, maskini, hawakuona kitu.

Wanasema dawa yake ni kuanza na kidogo, tumbo lizoee, na kuvichemsha muda mrefu na limau, ile tindikali inaikatakata inulini kabla haijafika kwenye sherehe. Nilijaribu mara moja. Afadhali. Afadhali maana yake tulifunga dirisha moja.

Vilivyobaki nikavitupa shimoni nyuma ya nyumba, nikafukia, nikakanyaga juu kwa hasira. Lilikuwa kosa langu la mwisho na kubwa kuliko yote. Miezi michache baadaye kumesimama msitu wa mashina yanayonizidi kimo, maua ya njano juu kama vializeti, mke wangu anayasifia. Siku moja nasikia kicheko, naona kichwa juu ya ukuta. "Eeh jirani, na wewe umepanda?"

Nimechimba. Kila shina chini yake lina ndoo nzima. Nimechimba nikadhani nimemaliza, kumbe kipande kimoja kama kidole ukikisahau kinatosha, msimu ujao kinakurudia na ukoo wake. Hapa kibarazani sasa hivi kuna mifuko kumi na moja, safi kabisa, udongo nimeutoa, na tabasamu nimeshalifanyia mazoezi kwenye kioo.

Kwani wewe unakaa mtaa gani?