Kikapampangan kisipitie kwa Kitagalog

Mtu akisema anajifunza utamaduni wa Wafilipino, namuuliza kwanza: Wafilipino wa wapi? Nchi ile ina visiwa zaidi ya 7,000 na lugha zaidi ya 170. Wengi wetu tuliofanya kazi na Wafilipino huko Ghuba tulidaka salamu mbili tatu za Kitagalog, lugha ya Manila, tukaona yametosha. Hayatoshi.

Chukueni mkoa wa Pampanga, kaskazini-magharibi ya Manila, ambako lugha ya wenyeji ni Kikapampangan. Jina la mkoa linatokana na pampang, yaani ukingo wa mto, na Kikapampangan kingali kinanukia mto na mashamba. Maji ni danum, ilhali Mtagalog husema tubig. Mtu wa Madagaska atakitambua Kikapampangan hapo upesi kuliko Kitagalog: kwao maji ni rano, na mwezi, ambao Pampanga huitwa bulan, kwao ni volana. Ukoo huo wa lugha umefika hadi jirani yetu kabisa.

Ukija kwenye chakula, Mswahili amekwisha kupata nusu ya somo. Kwa Kikapampangan mpunga huitwa pale, mchele ni abyas, wali ni nasi; vitatu tofauti, kama kwetu. Ndiyo maana nashauri mtu aanzie mezani. Atasikia "Mangan ta na!", haya, tule, na ataletewa buru, wali uliochachushwa pamoja na samaki au kamba. Ataonjeshwa pia sisig. Leo ni nyama ya kichwa cha nguruwe iliyokatwakatwa, lakini Padri Diego Bergaño alipoliingiza neno hilo katika kamusi yake mwaka 1732, lilikuwa kachumbari ya papai bichi au mapera mabichi yenye siki na chumvi.

Wapo wanaosema jifunze Kitagalog kwanza, Kikapampangan kitafuata chenyewe. Sikubali. Kwa Kitagalog ibon ni ndege. Pampanga ebun ni yai. Hayop ya Kitagalog ni mnyama, na ayup ya Pampanga ndiyo ndege. Nenda na Kitagalog peke yake kwenye kinamasi cha Candaba, ambako ndege wahamiaji hutua wakikimbia baridi ya kaskazini, uone utakavyomwelewa mvuvi anayekusimulia habari zao.

Kinachoniuma ni shule. Kikapampangan kilikuwa miongoni mwa lugha za mama zilizofundishia madarasa ya mwanzo chini ya sheria ya mwaka 2013. Oktoba 2024 sheria nyingine ikaondoa ulazima huo. Mzigo umerudi kwa wazazi na bibi, na watoto wengi wa mijini tayari wanalelewa kwa Kitagalog na Kiingereza. Kwa hiyo, ukiwa na mwenzako kazini anayetoka Angeles au San Fernando, miji ya huko Pampanga, muulize kwao samaki huyu anaitwaje, mti ule unaitwaje. Akikujibu, mwambie "Dakal a salamat", asante sana, kwa lugha ya mama yake.