Mleta Mama Ulaya, Mtoe Ndani

Juzi kwenye kipaimara cha mtoto wa Watanzania wenzetu hapa Köln, Ujerumani, nilikaa meza moja na mama aliyekuja kumtembelea binti yake. Viza yake inakaribia kwisha. Katikati ya wali na mishikaki akaniuliza kama mji huu una mto. Rhein iko robo saa tu kwa tramu kutoka anapokaa! Karibu miezi mitatu yote ameona sebule, jiko, bembea za watoto na duka la chini ya ghorofa. Nikasema mimi mama yangu nilimpeleka Luxembourg kwa gari, mimi na yeye tu. Kaka mmoja pale mezani akadakia: “Luxembourg mna ndugu?” Hatuna. “Sasa mlifuata nini?”

Muziki ulikuwa juu, sikupata nafasi ya kumjibu. Namjibu hapa.

Sote tunajua viza ya mzazi inavyotafutwa. Hati ya dhamana kutoka ofisi ya wageni, bima isiyopungua euro 30,000, ada ya euro 90, mzee kupanda basi hadi Dar kutoa alama za vidole, na maswali ya kumfanya mtu mzima aliyesomesha watoto sita aonekane kama mtoro. Yote hayo kwa siku 90 ndani ya siku 180. Halafu anafika, na Jumatatu ya kwanza tunamkabidhi watoto, tunaingia kazini, tunarudi jioni tumechoka, tunamwashia televisheni ya lugha asiyoijua. Siku zake zinakwisha hivyo. Akirudi nyumbani majirani wanamwuliza Ulaya kukoje, naye anaeleza habari za mashine ya kuoshea vyombo.

Nakubali, chekechea ni ghali na nafasi hazipatikani. Nakubali pia kwamba mama kuja kumhudumia binti yake aliyejifungua ni heshima kubwa, na wengi wao wanalitaka hilo wenyewe. Lakini kumhudumia aliyejifungua hakuchukui siku zote 90 bila hata Jumamosi moja ya mama mwenyewe. Mimi watoto niliwaacha na baba yao. Ni watoto wake, anawajua, walikula, walilala. Sioni kwa nini jambo hili linawashangaza watu.

Tulishuka hadi Koblenz, kisha tukaifuata Mosel kwa barabara ya kandokando ya mto. Tungeweza kupita njia kuu na kufika mapema, lakini hatukuwa na haraka, na mto ule unajipinda hivi kwamba kila kona ina kijiji na kanisa lake. Mama ni mtu wa Himo, amelima miteremko ya Kilimanjaro maisha yake yote. Ngome ya Cochem aliitazama mara moja tu. Alichotaka kujua ni mizabibu. Pale Bremm kuna mlima unaoitwa Calmont, mojawapo ya mashamba ya mizabibu yenye mwinuko mkali kuliko yote Ulaya, na mama alinisimamisha gari. Mbolea wanaipandishaje? Nikamwonyesha kireli chembamba kinachopanda mlimani, kinabeba watu na mizigo. Anayevuna ni nani? Wengi wanatoka Poland na Romania, nikamwambia. Wanalipwa kwa siku au kwa kilo? Kwa saa. Akanyamaza, akipiga hesabu zake. Mwaka mzima nikiwa naye kwenye simu sikuwahi kumsikia akiuliza maswali matatu mfululizo kuhusu nchi ninayoishi.

Trier tulilala. Aliingia kwenye kanisa kuu, ambako inatunzwa kanzu inayoaminika kuwa ya Yesu, akapiga magoti muda mrefu, nami nikamwacha. Sanamu kubwa ya Karl Marx, zawadi ya China ya mwaka 2018, alipigwa nayo picha, akakumbuka vipindi vya siasa shuleni. Basi.

Ila nataka kusema habari ya Schengen. Neno hilo, jina la viza yenyewe, mama amelibeba kwenye pasi bila kujua kwamba ni kijiji. Ni kidogo kweli, kiko ukingoni mwa Mosel upande wa Luxembourg, ng'ambo ni Ujerumani, na Ufaransa iko hapo hapo kusini. Tuliketi kwenye benchi nikamweleza kwamba tarehe 14 Juni 1985, kwenye meli iliyokuwa mtoni hapo, nchi tano zilitia saini mkataba wa kuondoa ukaguzi mipakani: Ubelgiji, Uholanzi, Luxembourg, Ufaransa na Ujerumani Magharibi.

Mama akasema, “Mwanangu, mwaka huo sisi ndiyo kwanza tumeanza tena kwenda Taveta.”

Nilijua aliwahi kuuza ndizi Taveta, ng'ambo ya mpaka, Kenya. Kila mtu wa Himo ana mtu aliyefanya biashara Taveta, Jumatano na Jumamosi. Nisilolijua ni yaliyokuwa kabla. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ilifunga mpaka na Kenya mwezi Februari 1977, ukafunguliwa Novemba 1983. Tarehe hizo nilizisoma shuleni. Mama yangu aliziishi akiwa binti. Mama yake mdogo alikuwa ameolewa Taveta. Alifariki katika miaka hiyo, na upande wa huku hawakwenda kuzika. Bibi yangu alikaa matanga Himo, kaburi liko mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Waliojaribu njia za panya usiku, wengine walikamatwa. Alinieleza majina, alinieleza nani aliwaletea taarifa na jinsi bibi alivyokataa kula. Nina umri huu, nimelelewa na mwanamke huyu, na sikuwahi kulisikia jambo hili hata siku moja. Asingelisimulia jikoni kwangu huku mtoto mmoja akilia na mwingine akitaka maziwa.

Tuliporudi, kwenye daraja la kuingia Ujerumani kulikuwa na askari. Tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, hata hapo, juu ya kijiji chenyewe. Mama alishatoa pasi kabla gari halijasimama. Waliitazama, tukapita.

Kwa wanaohofia: viza ya kawaida ya Schengen iliyotolewa na ubalozi wa Ujerumani inamruhusu mzazi kuingia nchi zote za Schengen, zipo 29 sasa. Soma kibandiko kwenye pasi, hakikisha hakijawekewa mipaka ya nchi fulani tu. Beba pasi na karatasi ya bima. Simama mara kwa mara, miguu ya wazee huvimba. Weka sarafu za choo. Beba chupa ya chai na maandazi, maana chakula cha vituo vya mafuta hatakila.

Na huyo kaka aliyeuliza tulifuata nini, namwuliza nami: mama yake yuko kwake hadi mwezi ujao, gari analo, na Jumapili hafanyi kazi. Kutoka Köln hadi Koblenz ni saa moja na ushei. Mafuta ajaze Luxembourg, huko ni rahisi.