Magadi ya Mlenda na Chanzo cha Uhai

Septemba 2023 chombo cha anga cha Marekani, OSIRIS-REx, kilileta duniani vumbi la asteroidi, yaani jiwe kubwa linalozunguka jua, iitwayo Bennu. Matokeo ya uchunguzi yalipotoka Januari 2025, habari iliyovuma ilikuwa ya asidi za amino: aina 14 kati ya zile 20 ambazo viumbe hai hujengea protini. Iliyonigusa mimi ni nyingine. Vumbi lile lina chumvichumvi zilizobaki baada ya maji kukauka, na mojawapo ni trona. Trona ndiyo magadi, madini yale yale yanayopangwa mafungu mafungu soko la Majengo hapa Dodoma, ambayo mama zetu huyatia kwenye mlenda ulainike na uvutike vizuri.

Sekondari wengi wetu tulikariri jaribio la Stanley Miller, mwaka 1953 kule Chicago: methani, amonia, haidrojeni na mvuke wa maji ndani ya chupa, cheche za umeme kama radi, na baada ya siku chache asidi za amino. Baadaye wataalamu wengi waliona kwamba huenda hewa ya dunia changa haikufanana na ile ya chupa. Hilo halinisumbui sana, kwa sababu asidi hizo zinapatikana hata angani. Kimondo cha Murchison kilichoanguka Australia 1969 kilikuwa nazo kwa wingi. Hata cha Ivuna, kilichoanguka kusini-magharibi mwa nchi yetu Desemba 1938, kina glaisini, asidi ya amino iliyo sahili kuliko zote. Malighafi zilikuwepo. Kazi ngumu ni kuziunganisha.

Hapo ndipo nasimama na wanaosema uhai ulianzia kwenye madimbwi ya nchi kavu, yanayojaa na kukauka. Asidi mbili za amino zikishikana, molekuli moja ya maji hutoka. Ukiwa na maji tele, kemia inavuta upande wa kuzitenganisha. Maji yakiondoka, inavuta upande wa kuziunganisha. Maji yakirudi, vipande vinasogea na kukutana na wenzao wapya. Yakikauka tena, mnyororo unaweza kurefuka. Mtu wa Dodoma hahitaji kuchorewa hili. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kisha ni miezi ya jua tupu. Nenda Bahi kiangazi kikikolea: palipokuwa na maji pamepasuka, na juu ya udongo pametanda chumvi nyeupe ambayo wenyeji wamekuwa wakiikwangua na kuichemsha tangu zamani. Kila kilichoyeyuka kwenye maji yale mengi sasa kimebanana kwenye utando mwembamba.

Magadi yana kazi yake humo. RNA, molekuli ya kubeba taarifa za urithi ambayo wengi wanaamini ilitangulia DNA na protini, haijengeki bila fosfati, na kwenye maji ya kawaida kalsiamu huinasa fosfati ikawa jiwe. Mwaka 2020 Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha kwamba kwenye maziwa yenye kaboneti nyingi (na magadi ni chumvi ya kaboneti), kaboneti ndiyo inayoikamata kalsiamu, na fosfati inabaki huru majini. Miongoni mwa maziwa waliyoyataja ni Magadi, kwa jirani zetu Kenya.

Kambi ya pili, ya wanaosema uhai ulianzia chini ya bahari, ina hoja nzito nayo. Mwaka 2000 kwenye sakafu ya Atlantiki ziligunduliwa chemchemi za moto zenye alikali, yaani kinyume cha asidi, zikaitwa Lost City. Maji yake yanapokutana na ya bahari kunakuwa na tofauti ya wingi wa protoni, chembe zenye chaji chanya, kati ya pande mbili, na seli zetu hujipatia nishati kwa tofauti ya namna hiyo hiyo. Tena, chumvi ikizidi huvuruga vifuko vya mafuta vinavyodhaniwa kuwa ngozi za seli za kwanza, kwa hiyo ziwa la magadi pekee halitoshi. Nadhani kulikuwa na madimbwi ya aina kadhaa, mengine ya maji baridi, mvua ikihamisha vitu kutoka moja hadi jingine. Lakini bahari isiyokauka kamwe bado hainishawishi.

Wapo majirani, watu ninaosali nao, wanaohofu kwamba kuuliza haya ni kumpinga Mungu. Nawaheshimu, ila sioni kwa nini kujua hatua za kazi kuwe ni kumkana mwenye kazi.

Kinachoniuma ni kwamba tunafundisha mada hii kama hadithi ya chupa ya watu wengine. Mwaka 2015 watafiti wa Glasgow walikausha myeyusho wa glaisini wenye alikali kwenye nyuzi joto 130, wakapata minyororo ya hadi glaisini 20. Glaisini inanunulika, magadi ni alikali, na kipimo cha biureti, kile cha kutafuta protini kwenye chakula, shule zenye maabara zinacho. Mwalimu wa kemia wa Dodoma, Manyoni au Kondoa aandae vyombo vitatu: kimoja cha glaisini na magadi kinachokaushwa na kulowanishwa mara kwa mara, cha pili kama hicho ila kisikauke kamwe, cha tatu kikaushwe bila magadi. Wanafunzi wavipime vyote, waandike walichokiona, hata kama rangi ya zambarau, dalili ya minyororo, haitatokea.